Vitabu vilivyonifundisha kuandika, na kwa nini hivyo 11 ulivyosoma havijakubadilisha

Dada mmoja ameniandikia swali refu, nalifupisha ili na wengine mfuate. Anasema ndani ya miaka miwili amesoma vitabu 11 vya kujisaidia, anapiga mistari kwenye sentensi nzuri, siku tatu nne anajisikia mtu mpya alafu anarudi palepale. Kinachomsumbua ni vikao vya kazini, akiona zamu yake ya kuongea inakaribia moyo unaenda mbio, mikono inatoka jasho, miguu inalegea, na usiku wake anakaa anajilaumu mpaka saa tisa. Amesoma makala zangu za wasiwasi zikamgusa, sasa anauliza mambo mawili: haya unayoandika unayatoa kwenye vitabu gani vya saikolojia, na je niendelee kusoma au niache tu maana naona napoteza muda?

Dada yangu, asante kwa kuandika kwa uwazi hivo. Usiache kusoma, ila acha kusoma kwa namna unavyosoma sasa. Hizo siku tatu nne za kujisikia mtu mpya ni za kweli wala hujidanganyi, mtu akikuta kitu kilichomkaa moyoni miaka yote kimeandikwa na mwingine lazima apate nafuu, anaona kumbe sipo peke yangu. Ila nafuu ya kueleweka ni kitu kimoja na kubadilika ni kingine, na vitabu vingi vinakupa ile ya kwanza vinaishia hapo. Mimi hii kazi ya tiba ya mazungumzo nimeifanya miaka mingi na ilinichukua muda kuiona hiyo tofauti, na walionionyesha ni watu wachache sana ambao nawasoma na kuwarudia mpaka leo, ndo hao ntakuambia.

Naanza na mwanamke ambaye ukimsoma utadhani alikuandikia wewe. Claire Weekes, daktari wa Australia, alizaliwa 1903. Kabla ya udaktari alikua mtafiti wa elimu ya wanyama, akiwa bado kijana akaambiwa ana kifua kikuu akawekwa apumzike, baadae ikaonekana hakua nacho, ila kipindi chote kile cha kulala alikua hana kazi nyingine zaidi ya kuusikiliza moyo wake, na moyo ukaanza kumwenda mbio hovyo, akawa anaogopa kila ukidunda. Aliyemfungua macho ni rafiki yake aliyekua amepigana Vita ya Kwanza ya Dunia, alimweleza kwamba hata wao kwenye mahandaki mioyo yao ilikua inaenda vilevile, na kwamba kinachouendesha huo moyo wake sasa ni kule kuuogopa. Weekes alilishika hilo maisha yake yote, akasomea udaktari, na mwaka 1962 akatoa kitabu Self Help for Your Nerves ambacho mi nakihesabu kuwa kitabu bora kabisa cha wasiwasi kuwahi kuandikiwa mtu wa kawaida.

Anachosema kwa ufupi ni kwamba kuna hofu mbili. Ya kwanza inakuja yenyewe, hujaiita na huwezi kuizuia, mwili umeona hatari ukamwaga adrenalini, ile homoni ya kukuandaa kukimbia au kupigana, moyo unaongeza kasi, damu inaenda kwenye misuli mikubwa, jasho linatoka. Ya pili unaiongeza wewe: mungu wangu imeanza tena, wataniona natetemeka, ntazimia hapa mbele za watu. Hiyo ya pili ndo inamwaga adrenalini nyingine juu ya ile, na moyo unazidi, na wewe unazidi kuogopa, duara linazunguka. Wewe kwenye kile kikao hujavunjika wala huna udhaifu wa ajabu, unachofanya ni kuishi kwenye hofu ya pili.

Dawa yake ina hatua nne, kabili, kubali, elea, acha muda upite. Neno elea ndo watu wanalisoma haraka wakalipita na ndo lenye siri yote. Ukiwa kwenye maji unaogopa kuzama unakaza mwili, unapiga mikono, na kukaza kule ndo kunakuzamisha. Mwenye kulegea maji yanambeba. Basi moyo ukianza kwenda mbio kwenye kikao usipambane nao, usijiambie tulia tulia tulia maana huko ni kukaza, uache uende mbio, legeza mabega, legeza tumbo, toa pumzi taratibu, alafu ongea hivohivo moyo ukiwa unakimbia. Anasema hata miguu iliyolegea inakufikisha unapoenda ukiiruhusu. Mi nimeona watu wazima wanalia kwa kusikia hilo jambo dogo, maana miaka yote walikua wanasubiri miguu ikaze kwanza ndo watembee.

Nilichojifunza kwa Weekes kuhusu kuandika ni kwamba kabla hujamwambia mtu afanye nini, mweleze kwanza mwili wake unafanya nini. Mtu anayeogopa hawezi kufuata maelekezo, anataka kwanza kujua hafi. Kwa hiyo makala zangu za wasiwasi zote ukiziangalia zinaanza na moyo na adrenalini, huo mtindo ni wa Weekes. Na kabla sijasahau, kama hujawahi kupimwa moyo na tezi ya shingo nenda kapimwe mara moja uondoe shaka, alafu ukiambiwa uko salama amini, usirudi kupima kila mwezi, kwa sababu kupima kila mwezi kunageuka kuwa sehemu ya hofu yenyewe.

Sasa twende kwa wale wa mawazo. Albert Ellis ni Mmarekani aliyeanzisha tiba yake katikati ya miaka ya 1950, na yeye mwenyewe anasema sehemu kubwa aliichota kwa Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa karibu miaka 2000 iliyopita, aliyefundisha kwamba kinachowasumbua watu sio mambo yenyewe bali wanavyoyahukumu hayo mambo. Ila mi kinachonigusa kwa Ellis ni jambo alilolifanya akiwa na miaka 19 huko New York. Alikua anaogopa wanawake kiasi kwamba hawezi hata kuwasalimia, basi akajipa kazi ya mwezi mzima, kila siku anaenda bustani ya mimea ya Bronx, akimwona mwanamke amekaa peke yake kwenye benchi anakaa karibu yake na lazima aanzishe maongezi ndani ya dakika moja. Aliongea na wanawake kama 100. Katika wote hao mmoja tu alikubali wakutane, na siku ya siku hakutokea. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni aibu tupu, ila Ellis alitoka pale akiwa haogopi tena, kwa sababu alichokua anakiogopa, kukataliwa, kilimpata mara 100 na hakuna lililomtokea. Ona hapo dada, hakusoma kitabu akasubiri ujasiri uje, ujasiri ulikuja baada ya mabenchi mengi.

Aaron Beck yeye alikua daktari wa akili Philadelphia aliyesomea njia ya Freud, ile ya mgonjwa kulala kwenye kochi na kusema chochote kinachomjia. Aliwahi kuwa na mgonjwa mwanamke ambaye kila kikao alikua anasimulia mambo yake ya mahusiano akiwa na wasiwasi mwingi, Beck akatafsiri kama alivyofundishwa kwamba wasiwasi unatokana na hayo anayosimulia, mwanamke akamwambia hapana daktari, nilikua nawaza kwamba nakuchosha. Yani muda wote ule chini ya maneno yaliyokua yanasikika kulikua na sauti nyingine ndogo inasema namchosha, namchosha, na hiyo ndo ilikua inaleta wasiwasi. Beck akaanza kuwauliza wagonjwa wengine akakuta kila mmoja ana hiyo sauti ya chini, mawazo yanayochomoza yenyewe, mafupi, ya haraka, mtu anayaamini bila kuyakagua. Kutoka hapo ikajengwa tiba ya kukagua hayo mawazo, kwa Kiingereza wanaiita CBT, ambayo leo ndo inafanyiwa utafiti kuliko nyingine zote za mazungumzo. Beck alifariki 2021 akiwa na miaka 100, na nilipopata ile taarifa nilikaa kimya muda mrefu, nilikua nadaiwa na mtu ambaye sijawahi kumwona.

Mwanafunzi wake David Burns ndo aliyeyachukua hayo akayaandikia wasomaji wa kawaida, Feeling Good, 1980. Hapa sasa naingia kwenye swali lako la pili, je vitabu vinasaidia kweli au ni maneno tu? Kuna watu wamelipima. Forrest Scogin na wenzake walichukua wazee wenye sonona, yani huzuni nzito isiyoisha, ile ya kiwango cha chini na cha kati, wakawapa kitabu cha Burns wakakisome nyumbani, na matokeo kwenye tafiti za 1987 na 1989 yalikua mazuri kweli, waliosoma walipata nafuu kuliko wale waliokua bado wanasubiri zamu yao ya kupewa kitabu. Walivyofanya ni kwamba msomaji anapewa wiki nne amalize kitabu, kuna mazoezi ya kuandika ndani yake, na kila wiki anapigiwa simu fupi sana ya kumuuliza umefika wapi, hiyo simu haina ushauri wowote. Kitabu kimoja, kalamu, na mtu wa kukuuliza. Sasa linganisha na vitabu 11, kalamu ya kupigia mistari, na hakuna anayejua kama unasoma.

Kwenye ule utafiti wa 1987 kulikua na kundi lingine lililopewa kitabu cha Viktor Frankl, Man's Search for Meaning, kama kitabu cha kulinganishia tu, na hao hawakupata nafuu ya sonona kama wale wa Burns. Niliposoma hilo mara ya kwanza liliniuma maana Frankl nampenda kuliko wote. Huyu ni daktari wa Vienna aliyepelekwa kambi za Wanazi mwaka 1942, akapita Theresienstadt na Auschwitz, akapoteza mke, mama, baba na kaka, akatoka 1945 na kitabu hicho akakitamka kikaandikwa ndani ya siku tisa. Hakuna kitabu kilichonifanya nitake kufanya hii kazi kama hicho. Ila nilijilazimisha kuelewa utafiti unasema nini, na unachosema ni kwamba kitabu kinaweza kuwa kikubwa, cha kweli, cha kukubadilishia mtazamo mzima wa maisha, na bado kisikutoe kitandani asubuhi, kwa sababu hakikuandikwa kwa kazi hiyo. Kila kitabu kina kazi yake. Frankl anakujibu kwa nini uishi, Burns anakuonyesha kesho saa mbili asubuhi ufanye nini, na mtu mwenye sonona mara nyingi anahitaji saa mbili asubuhi kwanza.

(Kwa kuwa nimemtaja Frankl, ile sentensi inayosambaa kila mahali kwa jina lake, kwamba kati ya kichocheo na itikio, yani kati ya jambo linalokupata na unavyolijibu, kuna nafasi, haimo kwenye maandishi yake. Stephen Covey, mwandishi wa vitabu vya kujiendeleza, aliikuta kwenye kitabu kimoja na kuisambaza, alafu watu wakaibandika kwa Frankl. Ni wazo zuri ila sio lake, na mimi nimewahi kuiandika hivohivo kimakosa, naomba radhi kwa walioisoma kwangu.)

Ngoja nikuonyeshe kazi ya kalamu inavyokua, maana ukisikia andika mawazo yako unaona kama mchezo. Huu mfano nimeutunga ila umejaa watu niliokaa nao. Mtu anapata ujumbe wa bosi saa kumi na moja jioni, naomba tuonane kesho asubuhi. Basi hali inamtoka. Anachukua karatasi anaandika kilichotokea, ujumbe wa maneno manne. Pembeni yake anaandika alichohisi, hofu, 90 kwa 100. Alafu sasa anaandika ile sauti ya chini, na hapa ndo watu wanakosea, wanaandika nina wasiwasi kuhusu kesho. Hiyo sio sauti, hiyo ni taarifa. Sauti yenyewe ukiisikiliza vizuri inasema nafukuzwa. Iandike hivohivo ilivyo, neno moja, bila kuipamba. Alafu uliza chini yake kuna nini, nikifukuzwa itamaanisha nini? Itamaanisha watu wote watajua sina uwezo. Na hiyo nayo chini yake? Sina uwezo. Umeona tulivyoshuka, kutoka ujumbe wa maneno manne mpaka sina uwezo, na safari yote kichwani ilichukua sekunde mbili, hakuiona.

Ndo sasa anajibu, na hapa kuna kosa la pili, anaandika jibu zuri asiloliamini, mimi ni hodari na bosi ananipenda. Haifanyi kazi. Jibu linatakiwa liwe kitu unachoweza kuapa nacho: ameshaniita mara tano mwaka huu, mara nne ilikua kazi mpya, mara moja alinisahihisha na nilibaki kazini. Sijui kesho ni nini. Nikisahihishwa nitaumia na nitaenda nyumbani kula. Baada ya hapo apime tena hofu, itakua labda 55, na 55 ni ushindi mkubwa, usitafute sifuri.

Hilo la majibu mazuri usiyoyaamini linanipeleka kwenye kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kuandika nilikua nawaambia watu wasimame mbele ya kioo wajiambie mimi napendeka, nina thamani, kila siku asubuhi. Ni wazo la zamani, mfamasia Mfaransa Émile Coué alilisambaza sana miaka ya 1920, kila siku nazidi kuwa bora na kadhalika. Msomaji mmoja akaniandikia kwamba kila akijiambia hivo anajisikia vibaya zaidi, na mimi nikamjibu aendelee, atazoea. Najuta jibu lile mpaka leo. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti wao, waliwapa watu sentensi ya kujirudia kwamba ni wa kupendeka, wale waliokua tayari wanajithamini wakapanda kidogo, na wale wenye kujidharau, yani walengwa wenyewe, wakashuka. Ukielewa sauti ya chini unaona kwa nini, ukimwambia mtu napendeka wakati ndani kuna ushahidi wa miaka ishirini kinyume chake, ule ushahidi wote unaamka unaanza kubishana naye. Tangu hapo sijawahi kumwandikia mtu aseme kitu asichokiamini, na kwenye hivyo vitabu vyako 11 nina hakika kadhaa vinakuambia hivo, hizo kurasa ziruke bila kujilaumu.

Utafiti mwingine mdogo ulibadilisha kabisa ninavyopanga mazoezi. Gerald Rosen alikua anatengeneza maelekezo ya watu wanaoogopa nyoka wajitibu wenyewe nyumbani hatua kwa hatua, na waliofuata mpaka mwisho walipona hofu, ila waliofika mwisho walikua nusu tu. Basi yeye na mwenzake Manuel Barrera wakaboresha, wakaongeza mkataba wa kujizawadia ili watu wapate motisha. Kitu cha busara kabisa, yeyote angefanya hivo. Matokeo ya 1977, hakuna hata mmoja aliyemaliza. Walichokiongeza ili kusaidia ndo kiliua kila kitu, nadhani kwa sababu mtu aliyekua na jambo moja la kufanya sasa ana mawili na la pili linamkumbusha kila siku kwamba ameshindwa. Kwa hiyo mi nikiandika makala nafuta zaidi ya ninavyoongeza, ukiona kitabu kina hatua 21 na jedwali la rangi kila sura, uwe na tahadhari, hata kama kila hatua ni sahihi.

Kuhusu kuandika bila kumlaumu msomaji, hapa namtaja Karen Horney, daktari wa akili Mjerumani aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1942 aliandika kitabu Self-Analysis akisema wazi kwamba mtu anaweza kufanya sehemu ya hii kazi peke yake, jambo ambalo wenzake wengi hawakulipenda. Kitabu chake cha 1950 kinaeleza kitu alichokiita udhalimu wa yale tunayojiambia tulitakiwa kuwa, kwamba ndani ya mtu kuna picha yake akiwa amekamilika, na picha hiyo inamtawala kwa ilinibidi na nilitakiwa. Usiku wako mpaka saa tisa ndo huo. Nilitakiwa niongee bila kutetemeka, nilitakiwa nijibu haraka, mtu wa umri wangu hatakiwi kuogopa. Fanya jaribio moja tu, usiku mmoja hesabu hayo matakiwa kwa kuweka alama kwenye karatasi, usibishane nayo, hesabu tu. Watu wanashangaa wakikuta alama thelathini ndani ya nusu saa. Na Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani, naye kwenye On Becoming a Person, 1961, anasema jambo ambalo nililipinga sana nikiwa mwanafunzi, kwamba ni pale mtu anapojikubali kama alivyo ndipo anapobadilika. Nilikua naona ni kinyume, ukijikubali si utabaki hivo? Ila nimekaa kwenye kiti cha mtoa tiba miaka, na sijawahi kuona mtu aliyejichapa mpaka akapona.

Na kwa wasomaji wenye sonona wanaofuatilia, nisiwasahau, kuna utafiti wa Neil Jacobson wa 1996 ambao ulipasua tiba ya Beck vipande ukakuta kile kipande cha kumfanya mtu apange na kufanya shughuli ndogo ndogo peke yake kilifanya vizuri sawa na tiba nzima. Ukiwa huna nguvu ya kushindana na mawazo, usishindane, oga, toka nje dakika kumi, mpigie mtu mmoja, ukifanya kwanza hamu ndo inafuata.

Sasa kitu ambacho kitabu hakiwezi, na hapa niwe mkali kidogo kwa waandishi wenzangu. Kama chini ya wasiwasi kuna jambo ulilofanyiwa, kipigo, kubakwa, utoto wa vitisho, usianze na vitabu vya kukufukulisha kumbukumbu ukiwa peke yako chumbani. Judith Herman, daktari wa akili Mmarekani, kwenye Trauma and Recovery, 1992, aliweka usalama kuwa hatua ya kwanza, kumbukumbu na maombolezo ni ya pili, na mpangilio huo una sababu, mtu ambaye bado anaishi na anayempiga hahitaji kusimulia, anahitaji kwanza mlango unaofungwa. Kuna zoezi linajulikana sana la James Pennebaker, tangu 1986, unaandika kuhusu jambo lililokuumiza dakika 15 kwa siku nne mfululizo, na wanafunzi walioandika hivo walikua wanaenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao miezi iliyofuata, ila mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, na waandishi wengi wa kujisaidia wanataja lile la kwanza wanaliacha hili la pili. Kwa hiyo likiwa ni jeraha kubwa andika ukiwa na mtu wa kumpigia. Na ukianza kuwaza kufa, au kujidhuru, au umekaa siku kadhaa hulali kabisa, au unakunywa ili uweze kuingia kikaoni, hapo weka kitabu chini umtafute daktari au mshauri nasaha siku hiyohiyo, wala usisubiri umalize sura.

Kwa maelezo yako dada hujafika huko, hofu yako ni ya kikao, kwa hiyo nakupangia hivi. Vitabu 10 viweke juu ya kabati, chagua kimoja tu chenye mazoezi ya kuandika, kama una Weekes au Burns chukua hicho, kama huna chukua katika vyako kile ambacho kinakuambia fanya hiki zaidi ya kinavyokuambia wewe ni nani. Wiki nne. Sura haiishi mpaka zoezi lake liandikwe kwa mkono. Tafuta ndugu au rafiki mmoja akupigie kila Jumapili akuulize swali moja, umefika wapi, na umkataze kukushauri. Na kwenye vikao usianze na ile taarifa kubwa ya mwisho wa mwezi, anza na kuuliza swali moja fupi kwenye kikao kidogo, sauti ikitetemeka iache itetemeke, lengo sio kuongea vizuri, lengo ni kuongea moyo ukiwa unakimbia na kuona kinachofuata. Alafu utoke uandike mambo matatu: ulitabiri nini kitatokea, nini kilitokea, na moyo ulirudi chini baada ya dakika ngapi. Hiyo namba ya dakika ndo nataka uniandikie, ya kikao cha kwanza na ya kikao cha nne.